Springi za Bwana Pamfri

Mwaka wa hamsini na saba pamba ilipanda bei, na wenye pamba wakaanza kununua vitu ambavyo matumizi yake hawakuyajua. Okochi wa Lumino alikuwa amekaa barazani mwa hoteli ya chai karibu na stesheni ya Tororo, akinywa chai iliyolipiwa na mtu mwingine, alipoliona lile gari.

Lilikuwa MG la viti viwili, la kijani, lisilo na paa, la aina ambayo wazungu vijana wa kiwanda cha saruji walipenda kuendesha Jumapili. Lakini aliyeshika usukani hakuwa mzungu wala kijana. Alikuwa Mteso mnene mwenye kofia pana na koti la suti, akiendesha polepole kwa heshima kama anayesindikiza jeneza. Gari lenyewe lilikuwa limebinua makalio juu, taa za mbele zikitazama vumbi, mithili ya kuku anywapo maji. Kila lilipoingia shimoni, nyuma iliruka, na kofia ya mwenye gari ikaruka nayo, kisha vyote viwili vikarudi mahali pake.

Watu wa stesheni walicheka. Okochi hakucheka. Mtu aliye kazini hacheki.

"Yule nani?" alimuuliza Maggie, mwenye hoteli.

"Imalingat wa Mella. Ana ng'ombe wengi kuliko maneno. Gari amenunua kwa mzungu aliyerudi kwao."

"Na mke?"

"Alifariki. Mbona unauliza mke? Wewe unataka kumuoa?"

Okochi alimaliza chai, akanyoosha tai yake, akasimama.

Hapa ni haki msomaji amjue huyu bwana, maana yeye mwenyewe asingemwambia kweli. Okochi hakuwa mwizi. Wezi aliwadharau, aliwaona watu wasio na subira. Yeye alingoja mtu ampe mwenyewe, kwa mikono miwili, na shukrani juu yake. Aliwahi kuwauzia watu wa Tororo dawa ya kufukuza mamba, na hadi leo hakuna mamba aliyeonekana Tororo. Aliwahi kuwaandikisha vijana kazi ya kupaka rangi Mwamba wa Tororo, eti Malkia asiupite bila kuuona. Kiswahili chake alikiazima kwa karani mmoja wa pwani na hakukirudisha.

Shida yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya kweli. Jina lake Goretti. Alikuwa mshonaji, mwenye cherehani yake kwenye baraza la duka moja pale Busia, mwanamke mzima aliyekwisha kuwakataa wachumba ambao mama zao bado walikuwa wamenuna. Kwa miaka miwili Okochi alipita pale kumchekesha, na Goretti alicheka kwa kichwa chote, mpaka sindano ikasimama. Kicheko kile Okochi hakuwa ametapeli mtu kukipata. Lakini babake Goretti, mzee Oundo wa Lumino, hakuwa mtu wa kucheka.

"Maneno yako nimekula miaka miwili, bado nina njaa," alimwambia. "Lete ng'ombe."

Kwa hiyo Okochi alipolifuata lile gari mpaka sokoni, hakumsalimu mwenyewe. Alipiga magoti nyuma ya gari, akachungulia mvunguni, akaguna kama daktari anayejua la kusema ila anawaonea huruma ndugu.

Imalingat alirudi na fungu la samaki mkononi. "Unatafuta nini chini ya gari yangu?"

"Nasikitika tu, mzee. Endelea na safari yako, Mungu akulinde."

"Unasikitikia nini?"

"Nani alimvisha mtoto wa mfalme viatu vya askari?" Okochi alisimama, akajipangusa magoti. "Hizi ni springi za pikapu, mzee. Zimezaliwa zibebe mahindi. Gari lako ni jepesi, haliwezi kuzikalia, ndiyo maana limebaki hewani. Ukikata kona kwa kasi, nyuma itakupita uione ikienda."

Yote hayo yalikuwa kweli. Okochi alikuwa ameyasikia kwa fundi mmoja wiki iliyotangulia, juu ya gari lingine.

Imalingat aliweka samaki kitini, akalitazama gari lake kwa muda. "Za kwake zilivunjika," alisema. "Moja ilikatika, ingine ikalala. Barabara ya Mella. Fundi akasema MG, pikapu, yote ni Mwingereza moja. Sasa kuna mtu amenicheka. Amesema yeye hawezi panda gari ambayo matako iko juu ya kichwa."

"Aliyekucheka ni mtu wa maana?"

"Sana."

"Basi mzee, utahitaji springi zenyewe. Si za pikapu, si za lori, si za kufananisha. Zile zile." Okochi alishusha sauti. "Busia, upande wa Kenya, kuna mzungu mmoja mstaafu, Bwana Pamfri. Anazo. Lakini ni mtu wa ajabu, pesa hapokei. Benki ilimtenda vibaya. Yeye anapokea ng'ombe tu."

"Mzungu anataka ng'ombe?"

"Anawapenda kuliko watu."

Imalingat alitikisa kichwa polepole. "Huyo mzungu ana akili," alisema.

*

Siku ya kwenda Mella kukagua, Okochi alivaa shati jeupe na kuchomeka kalamu mfukoni, akapanda baiskeli. Alipokelewa kwa uji na mamake Imalingat, bibi aitwaye Akongo, aliyemtazama mgeni kama mtu anayetazama mbuzi wa mnada: miguu kwanza.

Na pale, kwenye lango la zizi, Okochi aliziona. Springi mbili za nyuma za MG, zimekula kutu, zimesimamishwa ardhini kushikilia magogo ya lango. Mabapa yake membamba yalikuwa bado yamelaliana, refu juu na fupi chini, na mojawapo ilikuwa na bapa kuu lililokatika karibu na jicho, pale bolti inapopita. Mavi ya ng'ombe yalikuwa yamezipaka kama zege.

Moyo wa Okochi uliruka. Uso wake ulibaki msibani.

"Mzee, Bwana Pamfri hatoi springi mpya bila kuona za zamani," alisema. "Asije akakosea aina. Ameshatapeliwa, hamwamini mtu."

"Chukua," Imalingat alisema. Akazing'oa mwenyewe kwa jembe, huku bibi Akongo akilalamika kwa Kiteso juu ya lango lake. Akazifunga mwenyewe kwa kamba nyuma ya baiskeli, akavuta fundo kwa goti, akauliza kama zimekaa vizuri. Okochi alimshukuru. Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kuona mtu akitapeliwa kwa ukarimu kiasi kile, na njiani alijikuta akimhurumia, hasa kwenye mteremko.

*

Mpango ulikuwa rangi tu: kukwangua kutu, kupaka rangi nyeusi, kufunga kwa karatasi yenye grisi, kuandika LONDON. Lakini springi iliyokatika haipakwi rangi ikaunga. Ilibidi Okochi aende kwa Owor, mhunzi wa Kijapadhola aliyefua majembe nyuma ya soko la Busia.

Owor alizigeuza springi. "Hii iliyokatika nitaiwekea bapa kuu ingine. Hii iliyolala nitaifua irudi upinde wake. Lakini utavuta mivukuto wewe, kijana wangu amekwenda kuzika."

"Mimi? Mimi ni injinia."

"Basi vuta kiinjinia."

Okochi alivuta mivukuto. Alivuta mpaka tai ikaning'inia kama ulimi wa mbwa. Alishika koleo, akapiga nyundo pale alipoambiwa, akaungua kidole, na mabapa yakarudi upinde wake, moja baada ya jingine, yakalaliana bila mwanya. Ujira wa Owor ulikuwa saa ya mkononi, saa pekee ambayo Okochi hakuwahi kumuuzia mtu kwa sababu ilikuwa nzima.

"Sasa sikiza," Owor alisema. "Tazama hii bolti ya katikati. Haiko katikati. Upande moja mfupi, upande ingine mrefu. Mfupi unatazama mbele ya gari. Ukigeuza, ekseli inahama, tairi itakula madigadi. Tena usikaze bolti za macho gari ikiwa juu ya jeki. Shusha kwanza, ikalie uzito wake, ndio ukaze. Ukikaza ikiwa hewani, mpira wa ndani unapindika, unakufa."

Okochi aliyakariri yote. Maneno kama yale ni mtaji.

Alipopita barazani kwa Goretti, masizi yalikuwa yamemjaa hadi masikioni. Goretti alisimamisha cherehani.

"Mulembe, Okochi. Umeungua wapi?"

"Kazini."

Goretti alicheka, halafu akaona hatanii. "Kazi gani?"

Okochi hakuwa na desturi ya kueleza biashara kabla haijaiva. Lakini alikuwa amechoka, na masizi humfanya mtu ajisikie mkweli. Aliegemeza baiskeli, akamweleza yote: Pamfri, lango la zizi, fundo la kamba. Aliigiza sauti ya mzee. Goretti aliziangalia springi, akapitisha kidole juu ya bapa.

"Za gari gani?"

"MG ya mzee mmoja wa Mella. Mjinga kabisa. Alinifungia mwenyewe!"

"Mjinga?"

"Mjinga, lakini mwenye ng'ombe. Jumapili ya pili nitakuwa kwenu Lumino. Mwambie mzee Oundo afungue zizi."

"Nitamwambia," Goretti alisema, akaanza tena kukanyaga cherehani. Okochi alikwenda zake akipiga mluzi. Baadaye alikumbuka kwamba mara hii Goretti hakucheka mwishoni.

*

Kufunga springi kulifanyika Mella, uani, mbele ya kadamnasi. Okochi alijua kwamba fundi wa kweli angezitambua, kwa hiyo fundi ilibidi awe yeye. Alitandika gunia, akafungua karatasi ya LONDON kwa vidole viwili, watu wakasogea kunusa rangi.

Bibi Akongo alinusa kwa karibu kuliko wote. "Hii chuma iko kama ya lango langu," alisema.

"Mama, Waingereza wana chuma cha aina moja," Okochi alijibu. "Ndiyo siri ya utawala wao."

Bibi aliguna, akaketi palepale.

Springi za pikapu zilitoka kwa matusi na mafuta ya taa. Ya kwanza ya MG aliifunga, akatambaa kutoka, akakuta tairi limebanana na madigadi kama watu wawili wagomvi kwenye benchi moja. Alikuwa ameifunga nyuma mbele. Jasho likamtoka.

"Hivyo ndivyo inavyofungwa vibaya," alitangaza. "Nilitaka mwone, ili mtu asije akawadanganya." Akaifungua, akaifunga upya, upande mfupi mbele. Watu walishukuru kwa kufundishwa.

Imalingat alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. "Mbona hukazi ile bolti?"

"Gari likiwa juu ya jeki hatukazi, mzee. Tunalishusha likalie uzito wake."

Jeki ikashuka. Gari likatua. Nyuma ikashuka, ikatikisika kidogo, ikatulia, na taa za mbele, zilizokuwa zikitazama vumbi tangu springi za pikapu zifungwe, zikainuka zikatazama barabara. Lilikaa sawasawa, chini, kama chui aliyejilaza. Okochi mwenyewe, akiwa mvunguni na spana, alikaza bolti za macho, kisha akazikaza tena bila mtu kumwambia.

Imalingat alilizunguka gari, akakaa kitini, akarukaruka mara mbili. Kofia haikutoka.

"Ni yenyewe," alisema.

"Ni yenyewe, mzee."

"Bwana Pamfri ni mtu wa kweli." Aliwaita wachungaji, na ng'ombe watatu wakatolewa zizini: mitamba wawili wekundu na fahali kijana mwenye doa jeupe usoni. Okochi hakuwa ameomba wazuri vile. "Mpelekee. Wachunge vizuri njiani, wasikonde. Mtu kama huyo haifai kupelekewa ng'ombe iliyochoka."

Okochi aliapa kwa kaburi la babake, ambaye siku hiyo alikuwa akivua samaki ziwani.

*

Kutoka Mella mpaka Lumino ni mbali kwa mtu, na kwa mtu mwenye ng'ombe watatu ni mbali zaidi, kwa sababu kila mmoja wao ana maoni yake. Okochi aliwapeleka kwa uangalifu wa mlezi. Aliwanywesha kila mto, akawalisha vizuri, akampaka fahali dawa ya kupe aliyoinunua kwa kalamu yake. Pale Busia baraza la Goretti lilikuwa limefungwa. Vizuri, Okochi aliwaza; amekwenda kwao kumngoja.

Jumapili, baada ya ibada, aliingia Lumino akiwa amevaa tai. Watoto walimkimbilia. Ng'ombe walikuwa wamenona, waking'aa. Alipanga hotuba, akapanga na mahali pa kutulia ili watu wapige vigelegele. Akakata kona ya mwisho kwenye boma la Oundo.

Chini ya kivuli cha nyumba kulikuwa na MG la kijani, limekaa sawasawa.

Okochi alisimama. Ng'ombe hawakusimama. Walimtambua bwana wao, wakaenda moja kwa moja uani, ambako wazee wa ukoo wa Oundo walikuwa wameketi kwenye viti, na katikati yao, kwenye kiti chenye mto, Imalingat wa Mella na kofia yake magotini.

"Ah!" alisema Imalingat. "Mzee Oundo, ng'ombe yangu ndio hiyo imefika. Na huyu ndiye fundi niliyekuambia. Karibu, fundi. Umechunga vizuri. Hawakukonda."

Wazee walimpigia Okochi makofi.

Ulimi wa Okochi, ambao haujawahi kumwacha njiani, ulimwacha. Imalingat alimtazama kwa upole mkubwa.

"Ama ulikuwa unawapeleka kwa Bwana Pamfri? Nilisikia anakaa Busia, upande wa Kenya. Amehamia huku Lumino?"

Mzee Oundo aligeuka. "Pamfri ni nani?"

Okochi alihesabu njia za kutoka, kama alivyozoea. Akisema ng'ombe ni wake, ataulizwa amewapata wapi. Akisema ni ujira wa springi, ataulizwa springi zilitoka wapi, na bibi Akongo, aliyekuwa ameketi na kina mama akila ndizi, alionekana kuwa na hamu ya kulijibu swali hilo.

Goretti alitoka ndani na maji ya kunawa. Alikuwa amevaa gauni jipya la maua, alilolishona mwenyewe. Aliweka beseni chini.

"Okochi," alisema, "hawa ng'ombe ni wa nani?"

Alimtazama. Uso wake haukuwa na dhihaka, na hilo ndilo lililomshinda.

"Ni wa mzee Imalingat," Okochi alisema.

"Haya," alisema mzee Oundo, "wapelekeni zizini." Na kwa kuwa Okochi ndiye aliyewazoea, alipewa fimbo awapeleke.

Goretti alimfuata mpaka langoni. Walisimama pale wakitazama fahali akinusa zizi jipya.

"Ni wewe uliyelicheka lile gari," Okochi alisema.

"Ni mimi. Huja kwangu kupimwa makoti. Nilimwambia akilirekebisha, nitafikiri."

"Na ukamwambia habari yangu."

"Siku ile ile. Alitaka kwenda kwa polisi. Nikamwambia mwache kwanza afunge, ndipo tuone." Alifunga komeo la lango. "Nilingoja, Okochi. Nilidhani huko Mella utafika mahali, ukiwa na springi nzuri mkononi, umezifua mwenyewe, utasema, 'Mzee, hizi ni zako, nimezitengeneza.' Angekupa mtamba mmoja wa haki. Aliniambia angekupa. Na mimi kwa mtamba mmoja ningemshinda Baba."

"Mmoja?"

"Mmoja."

Okochi alitafuta la kusema la kumchekesha. Alilipata, zuri sana, akalimeza. Goretti alimgusa begani, akarudi kwa wageni.

Chakula kilikuwa kingi. Okochi alikaa na vijana, akala kuku bila kumwona. Alasiri Imalingat na Goretti walipanda gari waende kuonekana barabarani, kama desturi ilivyo kwa wenye magari. Lilipita kwenye shimo lililo mbele ya boma, nyuma ikashuka kidogo na kupanda kidogo, laini, na kofia haikutoka.

"Nani alifunga hizo springi?" mtu mmoja aliuliza.

Alikuwa mnunuzi wa pamba wa pale Lumino, mwenye lori lililokuwa limeinamia upande mmoja tangu masika. Vijana walimwonyesha Okochi kwa vidole. Mnunuzi alikuja, akapeana naye mkono kwa mikono miwili.

"Fundi, lori langu limelala upande. Nimedanganywa na kila mtu kuanzia hapa mpaka Tororo. Wewe utanidai nini?"

Okochi alivuta pumzi. Bwana Pamfri alikuwa tayari kooni, na mke wake, na ghala jipya lililofunguliwa Kisumu. Kisha akalitazama lile lori, lililoegeshwa kando ya boma, na kabla hajajizuia akawa amechuchumaa, akipima kwa shubiri kutoka jicho la springi mpaka bolti ya katikati.

"Ebo!" alisema. "Huyu aliyefunga hii alikuwa na akili kweli? Ameigeuza."

"Sasa?"

"Sasa lete jeki."

Jeki ililetwa. Okochi alivua tai, akaitazama, hakuona pa kuiweka, akafutia nayo grisi, kisha akalala chali chini ya lori, miguu nje. Watu wa Lumino waliomjua tangu utotoni walikusanyika kuitazama ile miguu. Walikaa pale mpaka jua likapungua, wakingoja kuona atatokea upande gani na kitu gani cha mnunuzi.